Barua kwa shoga yangu kuhusu tiketi za Disemba

Coventry,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Kwako shoga yangu mpendwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima wa afya, na funga ikiwaendea vyema. Sisi huku hatujambo. Kumi la kwanza linaelekea ukingoni, nami nakuandikia baada ya tarawehe, nyumba ikiwa imetulia, kwa sababu swali uliloniuliza kwenye simu juzi lilinikaa moyoni, na sikupenda kulijibu kwa haraka huku nikigeuza sambusa kwenye mafuta.

Wabaada ya salamu, uliniuliza kama mkate sasa tiketi za ndege za kwenda nyumbani Tanzania Disemba, au msubiri hadi yale mapunguzo ya bei ya mwisho wa Novemba, kama anavyokushauri jirani yako ambaye mwaka jana alipata nauli ya kutupa wiki tatu tu kabla ya kusafiri. Jibu langu ni kwamba msisubiri. Jirani yako hakukudanganya, ila uliniambia mwenyewe kwamba yeye alisafiri mwezi wa Mei. Mei ni masika, hoteli nyingi za ufukweni Unguja huwa zimefunga au zimepunguza wafanyakazi, shule za Uingereza hazijafungwa kwa likizo ndefu, na ndege ziendazo kwetu hubaki na viti vitupu ambavyo mashirika yanaona afadhali yaviuze kwa bei ndogo kuliko kuvirusha bila mtu. Wiki ya Krismasi haiko hivyo hata kidogo. Wiki hiyo ndege moja huwa imebeba Waswahili wa Ulaya wanaorudi makwao, Wazungu wanaoikimbia baridi kwenda Unguja, na wengine wanaokwenda mbugani au kupanda Kilimanjaro, na shirika linajua tangu mapema kwamba viti vitaisha. Anayejua bidhaa yake itaisha hana sababu ya kuipunguza bei siku za mwisho. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ununue mwezi gani, uliza kwanza kama ndege unayoitaka itajaa. Yenu itajaa, shoga yangu. Hata hayo mapunguzo ya Novemba, ukisoma masharti yake, mara nyingi utakuta hayahusu tarehe za katikati ya Disemba hadi mwanzo wa Januari.

Niruhusu nikueleze jinsi viti vinavyouzwa, kwa sababu mimi nilichelewa kulijua jambo hili na lilinigharimu. Katika daraja la kawaida, watu wanaokaa safu moja na kula chakula kile kile huwa wamelipa nauli tofauti kabisa. Shirika huvigawa viti vile katika mafungu, kila fungu likiwa na herufi yake na bei yake. Fungu la bei ya chini huwa na viti vichache; vikiisha, fungu hilo hufungwa na anayefuata huuziwa la juu yake. Shirika linaweza pia kulifungua tena fungu la chini endapo ndege haiuziki, na ndiyo maana bei hupanda na kushuka wakati mwingine. Lakini kadiri siku inavyokaribia, na hasa kwa safari za msimu wa watu wengi, mafungu ya chini hufungwa moja baada ya jingine na hayafunguliwi tena.

Sasa sikiliza yaliyotupata mwaka 2022. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kurudi nyumbani tangu korona, na mimi niliyatarajia mengi. Mwezi wa Septemba niliona nauli ya pauni 718 kwa mtu mzima, kupitia mji mmoja tu, na saa nzuri za kufika. Nikaambiwa na mtu ninayemheshimu kwamba bei ile ingeshuka. Nikanunua daftari dogo, na kila usiku nilipomaliza kuosha vyombo nilikaa mezani jikoni, nikaiandika bei ya siku hiyo. Ijumaa ya tarehe 14 Oktoba nilitafuta tiketi za watu wanne, sisi wawili na watoto wawili, nikaonyeshwa pauni 906 kwa kila mtu mzima. Nikashtuka. Kwa kujaribu tu nikabadilisha idadi, nikatafuta za watu watatu katika ndege ile ile ya siku ile ile, nikaonyeshwa pauni 741. Nikarudisha wanne, ikarudi 906. Nilidhani mtandao umeharibika. Kumbe fungu la bei ya chini lilikuwa limebakiwa na viti vitatu, na mtu anapoomba vinne kwa pamoja, mfumo hauchanganyi mafungu: huwapandisha wote wanne hadi kwenye fungu la kwanza lenye viti vinne. Laiti ningelijua hilo usiku ule, ningelikata tiketi tatu kwa bei ya chini na moja kwa bei ya juu, tukapanda ndege moja. Mimi nikaona nimsubiri mume wangu arudi kutoka zamu ya usiku tushauriane. Asubuhi vile vitatu havikuwapo, na siku nne baadaye ndege yenyewe haikuwa na nafasi ya watu wanne kwa bei yoyote tuliyoweza kuilipa.

Tulisafiri hatimaye, lakini tulisafiri vipande vipande. Mume wangu na mwanangu wa kiume walipitia Addis Ababa, na mimi na binti yangu tukapitia Istanbul siku iliyofuata. Binti alikuwa na miaka sita. Pale Istanbul, tukisubiri ndege ya pili, alikuwa akiitazama kila familia inayopita iliyotimia, kisha akaniuliza kama baba amekosea ndege. Nilimjibu vizuri, lakini sikuweza kula kile chakula nilichokuwa nimenunua. Sitaki wewe upitie hayo kwa sababu ya kusubiri pauni hamsini.

Hata hivyo, kutosubiri hakuna maana ya kununua kesho asubuhi. Mashirika mengi hufungua mauzo ya viti takriban miezi kumi na mmoja kabla ya safari, kwa hiyo viti vya Disemba tayari viko sokoni tangu Januari. Bei za mwanzo kabisa, kwa nilivyoona, si lazima ziwe ndizo za chini. Shirika huziweka za kawaida na kutulia, likingoja kuona watu wanakujaje. Kwa safari kama yenu naona muda mzuri ni kuanzia sasa hadi mwisho wa Juni. Katika muda huo fanya kazi moja tu: amueni wewe na shemeji bei ambayo mkiiona mtaridhika nayo, iandikeni, na siku ikitokea mnunue siku hiyo hiyo. Mimi kwenu ningeandika pauni 800 kwa mtu mzima. Google Flights itakusaidia, kwa kuwa inakuonyesha kama bei ya leo iko chini au juu ya ile ya kawaida ya njia hiyo, na ukiwasha taarifa itakutumia barua pepe bei inapobadilika. Hutahitaji daftari kama langu. Ikifika mwisho wa Juni na bei hiyo haijatokea, nunueni ile iliyopo, msiulize mtu. Na mkishanunua, zima zile taarifa. Usiendelee kuchungulia, kwa maana bei itakayoshuka baadaye haitakurudishia chochote isipokuwa kukunyima usingizi.

Utaambiwa pia kwamba tiketi hununuliwa Jumanne usiku, au kwamba ufute kumbukumbu za simu kwanza ili mtandao usijue kwamba unaitamani. Nimeyafanya yote hayo katika lile daftari langu na sikuona tofauti. Siku ya kununua haina uzito. Siku ya kuruka ndiyo yenye uzito mkubwa, na hapa ndipo ningependa mkae chini mfikiri sana kabla hata ya kuangalia bei.

Shule ya binti yako inafungwa Ijumaa tarehe 19 Disemba na kufunguliwa Jumanne tarehe 6 Januari. Nikah ya kaka yako ni Jumamosi tarehe 27. Kila mzazi wa Uingereza atataka kuondoka jioni ya tarehe 19 au Jumamosi tarehe 20, na kila mmoja atataka kurudi tarehe 3 au 4 Januari. Siku hizo nne ndizo ghali kuliko zote. Ulisema huenda ukamtoa mtoto shuleni wiki moja mapema ili mpate nauli nafuu. Fanya hesabu vizuri. Tangu Agosti 2024 faini ya kumkosesha mtoto masomo siku tano bila ruhusa hapa England ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ikilipwa ndani ya siku 21; ikichelewa inakuwa 160. Kwenu hiyo ni pauni 160 kwa uchache, achilia mbali binti kukosa mitihani yake ya mwisho wa muhula, ambayo mimi naiona ni hasara kubwa zaidi ya fedha. Tazama badala yake Jumanne tarehe 23. Mtakuwa mmefika Dar es Salaam Jumatano tarehe 24 mchana, mtalala kwa dada yako, na Alhamisi mtapanda basi la Tanga. Ni kilomita 350 hivi, mtafika kabla ya jua kuchwa. Ndege za tarehe 25 yenyewe huwa na nafasi zaidi, nasi hatuna cha kutuzuia kusafiri siku hiyo, lakini mtafika tarehe 26 mmechoka, na kuchelewa kwa ndege moja tu kutamfanya kaka yako aozwe bila dada yake. Kwa harusi ya mtu wa tumbo moja nawe, lipa zile pauni za ziada.

Lipo na jambo la mtoto mdogo, ambalo hukulitaja na ambalo ndilo linalonifanya nisisitize mno. Mwanao anatimiza miaka miwili tarehe 30 Disemba. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili kwa kawaida hulipiwa kama asilimia kumi ya nauli ya mtu mzima, akapakatwa. Lakini umri unaotazamwa ni wa kila siku ya kuruka, si wa siku ya kukata tiketi. Kwenda atapakatwa, kurudi ni lazima awe na kiti chake na nauli ya mtoto. Maana yake ni kwamba safari ya kurudi, katika siku zile zile ambazo kila mtu anarudi, ninyi mnahitaji viti vinne na si vitatu. Tovuti nyingi hazijui kuichanganya hali hiyo ya mtoto mchanga kwenda na mtoto mkubwa kurudi, kwa hiyo lipigieni simu shirika lenyewe kabla ya kulipa, mseme tarehe yake ya kuzaliwa waziwazi. Msije mkakwama kaunta ya Dar es Salaam usiku, mkaambiwa mtafute kiti ambacho hakipo.

Kuhusu njia, wengi wetu tunapitia Doha, Addis Ababa, Istanbul, Dubai, Nairobi au Amsterdam, na ninyi wa Leeds msing'ang'anie London. Tazameni Manchester, ambako shemeji anaweza kuwapeleka kwa gari muda mfupi. Bei nzuri mno mara nyingi huficha saa nyingi za kusubiri. Kama itakuwa Addis Ababa au Nairobi na kusubiri kwenyewe kunazidi saa 12, Tanzania inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hata kama hamkutoka nje ya uwanja. Wazo lako la kushukia Mombasa na kuvuka mpaka wa Horohoro nimelipima, na kwa ukaribu wa ramani ni zuri sana, lakini watoto wenu wana pasi za Uingereza, watahitaji kibali cha Kenya cha kielektroniki kilichoanza Januari 2024, kisha viza ya Tanzania mpakani, na hicho cheti cha homa ya manjano pia. Kwa wiki mbili tu, nendeni Dar moja kwa moja. Tiketi iwe moja kutoka Manchester hadi Dar es Salaam. Msinunue vipande viwili kwa mashirika mawili, kwa sababu cha kwanza kikichelewa, mwenye cha pili hana wajibu wowote kwenu.

Pasi zitazameni wiki hii. Ya binti, ulivyoniambia, inaisha Mei 2026. Mtaingia Tanzania tarehe 24 Disemba, na pasi inatakiwa iwe na angalau miezi sita mbele yake kuanzia siku ya kuingia, yaani hadi tarehe 24 Juni 2026. Imepungukiwa kama mwezi mmoja. Mbadilishie kabla ya kiangazi, wakati kila mtu hajaanza kuomba. Majina kwenye tiketi yaandikwe kama yalivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi, na hasa wewe ambaye jina la babu linaonekana kwenye karatasi moja na halionekani kwenye nyingine. Wewe na shemeji mnaosafiria pasi za Tanzania, kwa kuwa zile kadi za ukaazi wa Uingereza ziliisha muda mwishoni mwa 2024, hakikisheni akaunti zenu za viza ya kidijitali zinaonyesha namba ya pasi mtakayosafiri nayo.

Nauli mtakayoonyeshwa itakuwa na kodi ya serikali ya kuondoka Uingereza, ambayo kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 itakuwa pauni 90 kwa mtu mzima wa daraja la kawaida kwa umbali kama wa Tanzania. Watoto walio chini ya miaka 16 katika daraja hilo hawalipi. Nakutajia kwa sababu mawakala wa mtandaoni wasiojulikana hawawi wazi katika mchanganuo wao, nami nakusihi mnunue kwa shirika lenyewe hata kama wakala ana nafuu ya pauni thelathini. Tiketi iliyokatwa miezi tisa kabla mara nyingi hubadilishiwa saa njiani, na siku hiyo utataka kuzungumza na mwenye ndege, si na mtu wa kati asiyepokea simu. Vilevile, lipieni kwa kadi ya mkopo. Najua unaiogopa riba, na uko sahihi kuiogopa. Lakini ukiilipa kadi yote siku hiyo hiyo kwa fedha ulizokwisha kuziweka, riba haipati nafasi ya kuanza, nawe unabaki na ulinzi wa kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974: kwa ununuzi unaozidi pauni 100 na usiozidi 30,000, shirika likifilisika kabla ya Disemba, benki iliyokupa kadi inawajibika pamoja nalo. Na bima ya safari ikatwe siku ile ile ya tiketi, ili ikulinde tangu hapo na si tangu siku ya kupanda ndege.

Nabaki na jambo la fedha zenyewe, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uelekee kwenye ushauri wa kusubiri, ingawa hukulisema. Katika mchezo wetu wa kuchangiana na kupokea fedha kwa zamu, zamu yako ni Septemba. Mimi zamu yangu ni Mei, na mwaka huu hatusafiri. Fedha zile nilikuwa nimezipangia zulia la sebuleni na kabati, vitu visivyokimbia. Nimezungumza na mume wangu na ameridhia. Nataka tubadilishane: wewe upokee Mei, mimi nipokee Septemba. Zile pauni 2,500 zitatosha tiketi zenu zote kwa bei niliyokuandikia, mkiongeza mia moja hivi kwa kiti cha mtoto cha kurudi. Usinijibu kwa aibu wala kwa shukrani ndefu. Mamaako hajamtia machoni mjukuu wake huyu wa mwisho, na mimi yule ni mama yangu tangu tukiwa Chumbageni, Tanga, tukila kwenye sinia yake.

Kijumbe anayesimamia mchezo wetu anafunga orodha ya mabadiliko Ijumaa hii ya tarehe 14. Nipigie kabla ya futari ya Alhamisi uniambie neno moja tu, ndiyo au hapana, ili nimpe taarifa, na uniandikie pia tarehe za kuzaliwa za watoto jinsi zilivyo kwenye pasi.

Wasalaam,
Ni mimi shogayo wa dahari.